Kifafa cha watoto Sandoa: kati ya mashine ya sumaku na kidonge cha Gardénal

Ndani ya mashine hiyo mna waya wa shaba. Umezungushwa kama namba nane, ukafungiwa katika plastiki, na daktari anaushika juu ya kichwa cha mgonjwa aliyeketi kwenye kiti. Umeme ukipita ghafla katika waya huo, nguvu ya sumaku huzaliwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Inapita nywele, ngozi na mfupa bila kukata chochote, na kuamsha umeme mdogo ndani ya ubongo wenyewe. Hakuna kisu wala sindano, na mgonjwa hatiwi usingizi. Mtu anasikia mlio, tik, tik, tik, na kama kidole kinachogonga kichwani.

Shaba hiyo huenda ilitoka Kolwezi. Nani ajuaye. Malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Lualaba hayaandiki popote kwamba mzigo utaishia katika simu, gari au mashine ya hospitali. Lakini swali linalorudi kwa wazazi wa jimbo letu ni lingine: mashine hii, ambayo katika inchi za mbali inajaribiwa kwa watoto wenye kifafa, hata kwa matumaini ya kuwarudishia akili ya masomo, ina faida gani kwa mtoto wa Sandoa? Je, mzazi auze shamba na ng'ombe amfikishe mtoto Afrika Kusini au India? Au serikali ya jimbo inunue moja na kuiweka Kolwezi?

Tuanze na mashine yenyewe, maana imesemwa vizuri kupita kiasi na kubaya kupita kiasi. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku iliyowekwa juu ya kichwa inaweza kufanya kidole cha mkono kiruke, kwa kuamsha sehemu ya ubongo inayoongoza mkono. Kazi hiyo ilikuwa ya kupima mishipa, si ya kuponya. Baadaye madaktari waligundua kwamba mipigo ikirudiwa mara nyingi, ubongo unabadilika kidogo hata baada ya mashine kuzimwa. Mipigo ya taratibu, mmoja kwa sekunde, inatuliza sehemu iliyolengwa; mipigo ya haraka inaiamsha. Mwaka 2008 Marekani iliruhusu mashine ya aina hii kwa watu wazima wenye huzuni kali ambao dawa haikuwasaidia. Huko ndiko ilikojijengea jina.

Kifafa, kwa upande wake, ni umeme wa ubongo unaotoka kwa fujo. Seli nyingi zinawaka pamoja, na mtoto anaanguka, anakakamaa, anatetemeka, au anakodoa tu macho kwa sekunde chache bila kujibu. Kwa hiyo wazo la watafiti lilikuwa la akili ya kawaida: kama mipigo ya taratibu inatuliza, tuielekeze pale fujo inapoanzia.

Matokeo? Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa mizani moja, waliandika juu ya jambo hili mwaka 2016. Walipata majaribio 7 yenye wagonjwa 230. Walipolirudia mwaka 2021, yalikuwa majaribio 8 na wagonjwa 241. Angalia hesabu hiyo: kwa ugonjwa wenye watu karibu milioni 50 duniani, ushahidi wote uliofaa kupimwa haujazi hata shule moja ya msingi ya Kolwezi. Jaribio moja la mwaka 2006, kwa wagonjwa 21 waliozaliwa na kasoro katika umbo la ubongo, lilikuta kushikwa kukipungua sana. Mengine yaliyolinganisha mashine ya kweli na mashine ya bandia, ile inayotoa mlio tu bila sumaku, hayakuona tofauti ya kutosha. Hitimisho lao ni kwamba sumaku inaweza kupunguza zile alama za fujo zinazoonekana kwenye kipimo cha umeme wa ubongo. Lakini kwamba inapunguza kushikwa kwenyewe, hilo halijathibitishwa vya kutosha.

Mama wa mtoto haangalii mistari ya kipimo. Anahesabu mara ngapi mtoto ameanguka wiki hii.

Kuhusu watoto ushahidi ni mwembamba zaidi. Watafiti wanavutiwa na aina fulani za kifafa cha utotoni ambamo ubongo unatoa cheche nyingi usiku, na mtoto anarudi nyuma katika lugha, kusoma na kukumbuka ingawa haanguki sana. Wanajiuliza: tukizima cheche hizo kwa sumaku, je, lugha itarudi? Ni swali zuri, na kwa sasa linabaki swali. Tena mashine inayogusa umeme wa ubongo inaweza yenyewe, mara chache, kuleta mshtuko. Ndiyo maana haiwekwi mikononi mwa mtu asiye na ujuzi, wala kwenye chumba kisicho na vifaa vya kuokoa mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa matumaini hawalisemi. Majaribio hayo karibu yote yalifanywa kwa watu ambao dawa zilishindwa kuwasaidia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 70 kwa kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipimwa vizuri na kupewa dawa inayofaa. Sumaku inatafutiwa kazi kwa wale waliobaki. Sasa njoo Sandoa. Katika inchi maskini, robo tatu ya wagonjwa wa kifafa hawapati matibabu wanayohitaji. Huwezi kusema dawa imeshindwa kwa mtoto ambaye hajaionja.

Sandoa iko magharibi ya Lualaba, kwenye mto Lulua, kati ya Dilolo na Kapanga, katika inchi ya Walunda na Wachokwe. Migodi mikubwa ya shaba iko upande wa pili, Kolwezi, Lubudi na Mutshatsha. Reli ya zamani ya kwenda Lobito inapita kusini, kwa Kasaji na Dilolo. Sandoa yenyewe haina kituo. Dawa ikitoka ghala la Lubumbashi, CAMELU, inapaswa kufika Kolwezi kwanza, halafu kufuata barabara ya udongo mpaka zoni ya afya, halafu pikipiki mpaka kituo cha afya cha kijijini. Kila mahali inapobadilisha mikono, inaweza kukwama.

Mtoto akianguka kando ya moto katika kijiji cha huko, anayekimbiliwa kwanza mara nyingi si muuguzi. Wengine wanarudi nyuma kwa sababu wameambiwa povu la mdomo linaambukiza. Si kweli: kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kula sahani moja. Lakini woga huo ndio unaofanya mtoto aachwe mpaka moto umguse. Kovu la kuungua kwenye mkono au uso wa mtoto mwenye kifafa ni ushahidi wa majirani zaidi kuliko wa ugonjwa.

Halafu familia inaanza safari: kwa mganga wa kienyeji, kwa chumba cha maombi, tena kwa mganga. Sisemi hili kwa dharau. Anayekupokea usiku, akakaa na wewe na kukupa sababu, utamwendea kabla ya yule ambaye duka lake la dawa liko tupu. Tatizo ni miezi inayopotea. Kila mshtuko mrefu unaweza kuacha alama, na mtoto aliyetolewa shuleni "mpaka apone" anabaki nyumbani miaka. Ndipo watu husema kifafa kimeharibu akili yake.

Hapa tuwe waangalifu, maana neno hilo "akili" limechanganya mambo manne. Kuna ugonjwa uliosababisha kifafa, ambao wenyewe ulijeruhi ubongo. Kuna kushikwa kwa mara nyingi bila matibabu. Kuna dawa, ambayo ikizidi inaleta usingizi na uzito wa kichwa. Na kuna shule iliyofungwa mbele yake. Sumaku, hata siku itakapothibitishwa, inaweza kugusa la pili tu, labda na kidogo ya la kwanza. La nne linahitaji mwalimu mkuu mwenye moyo, na mwalimu wa darasa anayejua la kufanya kwa dakika tano.

Dakika hizo tano zenyewe ni hivi: ondoa vitu vya hatari, hasa moto na maji; mlaze ubavu; legeza nguo shingoni; usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimfunge, usimmwagie maji; tazama saa. Ikipita dakika tano hajaacha, au akishikwa tena kabla hajazinduka, apelekwe haraka kituo cha afya, ambako panapaswa kuwa na diazepamu. Hakuna kingine. Shule yoyote ya Sandoa inaweza kulijua hili Jumatatu ijayo.

Turudi kwenye dawa, kwa sababu ndipo penye jambo. Gardénal, jina ambalo wauguzi wetu wote wanalijua, ni fenobabitali. Daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliitumia kwa kifafa mwaka 1912. Ni dawa ya zamani, na bado iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kidonge mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku. Shirika hilo linakadiria kwamba matibabu ya mtu mmoja yanaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 kwa mwaka. Dola 5. Watoto 1,000 ni dola 5,000 za dawa kwa mwaka mzima, kabla ya usafiri. Mashine moja ya sumaku inagharimu makumi ya maelfu ya dola, kabla ya kumlipa mtaalamu wa kuiendesha na kabla ya kutafuta umeme usiokatika. Na umeme, katika jimbo ambalo mabwawa yake ya Nzilo na Nseke yalijengwa zamani za Union Minière ili kulisha viwanda vya madini, ni hadithi ndefu.

Kuna madaktari wanaoikataa Gardénal kwa watoto, wakisema inawafanya wawe wakali au wazito darasani. Hofu hiyo ina msingi, hasa dozi ikiwa kubwa, na mzazi akiona mabadiliko ya tabia amwambie muuguzi. Lakini isiwe sababu ya kuwanyima wote. Huko Dhaka, Bangladesh, watoto 108 waligawanywa: wengine wakapewa fenobabitali, wengine kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kama Tegretol. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, na hayakuonyesha kwamba fenobabitali iliharibu tabia zaidi ya nyenzake. Kwa mtoto anayeshikwa kila wiki, kuchagua kati ya dawa ya zamani na dawa bora isiyofika Sandoa si kuchagua. Tegretol ikiwepo na familia ikaweza kuilipia, vyema. Dépakine nayo inafaa kwa aina nyingi za kifafa, ila wasichana wanaokaribia umri wa kuzaa waepushwe nayo kama kuna njia nyingine, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa nini basi kitu cha dola 5 kinakosekana? Fenobabitali iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo haiingizwi inchini bila kibali. Bei yake ni ndogo mno, mfanyabiashara haoni faida ya kuhangaikia karatasi zote hizo. Zoni ya afya inaagiza kulingana na wagonjwa ilioandikisha, na wagonjwa hawajiandikishi kwa sababu hakuna dawa. Mwaka ukifuata, agizo linakuwa dogo tena. Mduara huo hauvunjwi na mashine.

Na dawa inayokuja kwa vipande ina hatari yake. Mtoto aliyezoea Gardénal kwa miezi mitatu akakatiwa ghafla, anaweza kushikwa mfululizo bila kuzinduka, na kufa. Ugawaji wa siku moja wenye picha za kamera, vidonge vya mwezi mmoja mfukoni mwa mzazi na gari kurudi Kolwezi, ni bora usifanyike. Anayeanza kuwatibu watoto 50 ajue dawa ya watoto hao 50 itatoka wapi mwaka wa pili.

Kwamba inawezekana kuifanya kazi hii mbali na mji, Waswahili wana mfano wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alifika Mahenge, milimani kusini mwa Tanganyika, akakuta wenye kifafa wametengwa, wengi wana makovu ya moto, watu wakiogopa kuwagusa. Alianzisha kliniki ya kifafa, na dawa yake kuu ilikuwa fenobabitali hiyohiyo. Watu waliokuwa wanaanguka kila siku wakaanza kulima na kuoa. Hakuwa na mashine ya kupima ubongo. Alikuwa na dawa isiyokatika, daftari, na subira ya kuwaeleza jamaa mmoja baada ya mwingine. Kliniki hiyo iliendelea miaka mingi baada yake.

Mahenge pia ndiko alikoandika juu ya watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, jambo lililokuja kuonekana tena Uganda kaskazini na Sudan Kusini. Leo linahusishwa na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaa kwenye maji yaendayo kasi. Hapa kwetu, katika Ituri na Bas-Uélé, watafiti wa Congo pamoja na wa Chuo Kikuu cha Antwerp walikuta kifafa kikiwa kingi mno katika vijiji vya karibu na mito yenye inzi hao, kikianza kwa watoto waliokuwa wazima mpaka wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 18. Mectizan inapogawiwa vizuri, mwaka hadi mwaka, ndiyo kinga. Bonde la Lulua linastahili kuulizwa swali hilohilo: vijiji gani vina watoto wengi wenye kifafa, na viko umbali gani na maporomoko?

Sababu nyingine hazihitaji utafiti mpya. Malaria ya ubongo: huko Blantyre, Malawi, kati ya watoto 132 walioiponea, 12 walipata kifafa baadaye, na katika watoto 264 wa kulinganishwa nao hakupata hata mmoja. Kampala, mtoto mmoja kwa kila wanne walioponea alikuwa na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. (Hukohuko Kampala watafiti walijaribu kuwapa baadhi yao mazoezi ya akili kwa kompyuta, na vipimo kadhaa vilipanda. Ni njia ya bei nafuu kuliko sumaku, na inafanana zaidi na shule.) Kuna pia uzazi mgumu, mtoto anayechelewa kulia. Uzazi wa bure, ambao serikali ya Kinshasa iliuanzisha Septemba 2023 kama hatua ya kwanza ya afya kwa wote, ukifika kweli mpaka vijiji vya Sandoa, utazuia vifafa vingi kuliko mashine yoyote itakavyotibu.

Wengine huuliza kama kobalti na vumbi la migodi ndivyo vinavyoleta kifafa. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta watoto ambao baba zao wanafanya kazi migodini wakiwa katika hatari zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Hilo ni zito, na makampuni yanapaswa kulijibu. Lakini si kifafa, na anayelichanganya anawapa wenye migodi njia ya kukwepa yote mawili.

Migodi inaingia hapa kwa mlango mwingine, mlango wa pesa. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa maeneo yanakochimbwa, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati, inalipa mrabaha wa 10%. Makampuni yanatoa pia 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu na migodi. Ukisoma vizuri, mtoto wa Sandoa, ambaye haishi kando ya shimo la shaba, haguswi na ile 15% wala ile 0.3%. Amebakiwa na fungu moja tu lililo karibu naye: ile 25% ya jimbo. Fungu hilo linaamuliwa Kolwezi, na liwali na wabunge wa jimbo, katika bajeti inayopigiwa kura kila mwaka.

Kwa hiyo wanaotaka mashine ya sumaku Kolwezi hawaombi kitu kibaya, wameomba cha kumi kabla ya cha kwanza. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Kinshasa kuna CNPP ya Chuo Kikuu. Vituo hivyo vinaweza kuwafundisha wauguzi wa Sandoa kutambua kifafa na kuanzisha dawa, kwa mpango ambao Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuuandika kwa ajili ya wauguzi wasio wataalamu. Mei 2022 mataifa wanachama, Congo ikiwamo, yalikubali mpango wa mpaka 2031: kati ya wenye kifafa, 90% wajue kwamba ugonjwa wao unatibika, 80% wapate dawa, na 70% ya wanaotibiwa watulie. Imebaki miaka michache.

Mzazi ambaye tayari ana mtoto kwenye dawa mbili kwa dozi kamili, bila kuruka siku, na bado anashikwa, huyo ana haki ya kuuliza juu ya kipimo cha ubongo, upasuaji, hata sumaku, na daktari wa Lubumbashi au Kinshasa anapaswa kumjibu bila kumdanganya. Amuulize: mashine hii inatolewa kama matibabu au kama jaribio? Kama ni jaribio, nani analipa? Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa mamia ya dola.

Kwa wengine wote, kuna kalenda. Mvua za upande wa Sandoa zinashika kuanzia Oktoba mpaka Aprili, na barabara ya kutoka Kasaji inakuwa matope. Gardénal ya miezi hiyo saba inapaswa kuwa kwenye rafu za vituo vya afya kabla Septemba haijaisha. Wabunge wa jimbo wanaotoka Sandoa wanaweza kuuliza swali hilo sasa, kwa maandishi, kwa ofisi ya afya ya jimbo: viko vidonge vingapi, viko wapi, na vinaondoka Kolwezi lini?